Jina Nililolisahau Katika Orodha

Katika sanduku langu la vitabu limo daftari moja ambalo sipendi kulifungua, wala sithubutu kulitupa. Ni daftari la kurasa 48, kama yale wanayoyatumia watoto wa darasa la kwanza. Ndani yake imo orodha ya watu 31, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe mwezi wa sita mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona. Mwandiko ni mzuri, maana mapadri walionilea seminarini hawakuwa na huruma kwa mwandiko mbaya. Kosa halimo katika mwandiko. Kosa limo katika jina la 32, ambalo halikuwapo.

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na nyumba yetu iko Katuba. Ugonjwa ulionekana Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka ule wa 2020. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba shule, vyuo na makanisa yafungwe. Siku chache tu zikapita, na gavana wa jimbo letu akaamuru mji mzima ukae ndani siku mbili, tarehe 23 na 24, kwa ajili ya wasafiri wawili walioshukiwa kuwa na ugonjwa, waliofika kwa ndege kutoka Kinshasa. Kisha hali ya hatari ikatangazwa katika nchi nzima.

Basi nikakaa nyumbani. Yafaa niseme ukweli: mshahara wangu haukukatika. Si kila mwalimu aliyekuwa na bahati hiyo, kwani wenzetu wengi wa shule zinazolipwa na wazazi walikaa miezi mingi bila kuona franka moja. Lakini jina langu limo katika orodha ya serikali, na mtu ambaye jina lake limo katika orodha hulipwa hata akilala. Niliandika karatasi chache za mazoezi, nikawatumia wanafunzi wenye simu. Radio Okapi ilipoanza kuwapa watoto masomo hewani, niliwakalisha watoto wangu mbele ya redio, nami nikakaa pamoja nao kama mkaguzi. Ndiyo kazi niliyoifanya. Jioni nilijinyosha kitini nikajiona kama mtu anayelitumikia taifa, kwa kuwa serikali ilikuwa imetuambia kwamba anayekaa nyumbani anaokoa maisha ya wengine. Neno hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli ile ilikuwa na mkia mrefu, nami sikuutazama mkia.

Shemeji yangu ni mtu wa benki, anakaa upande wa Golf. Yeye alifanya kazi zake zote nyumbani, kompyuta juu ya meza ya kulia, watoto wakipiga kelele chini ya meza. Sitaki kumcheka. Nilimwona macho yake yamekuwa mekundu, na usiku alikuwa akijibu barua za wakubwa wake wakati sisi wengine tumekwisha kusali na kulala. Mtu anayefanya kazi nyumbani ni mfanyakazi kweli, na wanaosema kwamba watu wa namna hii walikuwa wavivu hawajajaribu. Siku moja tukiongea kwa simu akaniambia, “Mwalimu, unaona! Kumbe kazi yote ya dunia yaweza kufanyika kutoka kitini.” Nikakubali. Kisha maongezi yakakatika, kwa sababu mnara wa simu wa kwao ulikuwa umeishiwa na mazutu. Baada ya saa moja na nusu akapiga tena. Hatukuzungumza habari za kijana aliyepanda pikipiki na madumu mawili kwenda kuinywesha mashine ya mnara ule. Hatukumfikiri hata kidogo.

Vivyo hivyo hatukuwafikiri madereva. Ninyi mnaokaa Katanga mwajua kwamba unga wa bukari yetu, sehemu kubwa, hutoka Zambia, nao hupita mpakani Kasumbalesa. Siku zile madereva wa malori walilala chini ya magari yao katika mistari mirefu, nasi tuliwaogopa kama wachukuzi wa ugonjwa; unga wao hatukuuogopa. Vivyo hivyo na watu wa makala, wanaosukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao wenyewe. Walipita barabarani petu kila alfajiri. Nikisikia baiskeli ikilia, najua kwamba kumekucha, kama vile mtu anavyosikia jogoo. Na nani aliyepata kumshukuru jogoo?

Lakini ninayetaka kumsimulia hasa ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sitamtaja jina, kwa sababu yeye mwenyewe hapendi. Amezaa mapacha, na watu wote humwita Mama Mapasa, kama ilivyo desturi yetu. Yeye ni mfagizi katika hospitali moja ya mji.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri alipita mbele ya mlango wetu. Kwa kuwa mabasi yalikatazwa kujaza watu, bei ya safari ilipanda, basi yeye akawa anakwenda kwa miguu. Nilimsikia nikiwa kitandani: kandambili zake zilipiga chini kwa mlio wa namna moja, kisha zikanyamaza kwenye kona. Viatu vya kazi vilikuwa hospitalini, jozi moja ya buti za mpira kwa wafagizi wawili, mmoja wa asubuhi, mmoja wa jioni.

Watu hudhani kwamba mfagizi hushika ufagio tu. Siku hizo yeye ndiye aliyeosha sakafu ya chumba cha wenye homa, ndiye aliyebeba ndoo zao, ndiye aliyekusanya mashuka na kuyalowesha, ndiye aliyechukua sindano zilizotumika na vitambaa vya damu kuvipeleka kwenye tanuru. Mganga humwona mgonjwa dakika kumi, akaandika dawa, akaenda kwa mwingine. Mfagizi hukaa na uchafu wa mgonjwa yule asubuhi nzima. Na mtu akifa usiku, ni nani anayesafisha kitanda chake ili mwingine apate pa kulala?

Tena kuna jambo la malipo, nalo lataka kuelezwa, maana wengi hawalijui. Hospitali nyingi za nchi yetu huishi kwa fedha zinazolipwa na wagonjwa. Serikali hulipa baadhi ya watumishi. Wengine, hata wauguzi, hawamo katika orodha yake, nao hugawana kilichoingia mwishoni mwa mwezi. Sasa fikirini: Korona ilipokuja, watu waliogopa hospitali. Mwenye malaria alikunywa majani nyumbani, mwenye mimba alizalia kwa bibi. Wagonjwa wakapungua, fedha zikapungua, na sehemu ya Mama Mapasa, iliyokuwa ndogo tangu zamani, ikawa kama mavumbi. Basi hatari iliongezeka na malipo yakapungua, mwezi uleule, kwa sababu ileile. Katika Injili twasoma habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu, jinsi aliyefika jioni alivyopata dinari moja sawa na aliyechomwa na jua mchana kutwa. Nimewafundisha wanafunzi mfano huo mara nyingi. Lakini sikupata kufikiri mji ambamo aliyeketi sokoni hulipwa dinari yake nzima, na aliyechomwa na jua huambiwa angoje.

Sasa nifike mahali penye aibu. Katika kiwanja chetu mna bomba la maji, na majirani huja kuteka. Mwezi wa nne watu walianza kunong’ona kwamba Mama Mapasa ataleta ugonjwa kutoka hospitalini. Mmoja akaja kwangu kuomba shauri, maana mwalimu huombwa shauri hata juu ya mambo asiyoyajua. Nikatoa hukumu ya kizungumkuti: Mama Mapasa asikatazwe maji, la, hiyo si desturi ya Kikristu; lakini ateke mwisho, watu wote wakiisha kwenda. Nikaona nimefanya hekima kama Solomoni. Tangu siku hiyo, mama aliyeamka kabla yetu sote aliteka maji baada yetu sote, gizani. Na mapacha wake nikawazuia wasicheze na wanangu. Hakuniuliza neno. Akinikuta njiani alisema tu, “Jambo, Mwalimu,” akapita upande wa pili wa barabara, ili nisione haya.

Wakati huo ndugu yetu mmoja aliyeko Ubelgiji alitutumia kwa simu picha za mtaa wake. Saa mbili usiku, watu wamesimama madirishani, wanapiga makofi na sufuria kwa ajili ya waganga na wauguzi. Tulipendezwa sana. Mke wangu akafuta machozi. Uingereza nako walipiga makofi kila Alhamisi, Alhamisi kumi, tangu tarehe 26 mwezi wa tatu mpaka tarehe 28 mwezi wa tano. Nasema wazi kwamba sidharau makofi. Mtu aliyechoka husimama tena akisikia sauti ya shukrani. Lakini mwezi wa tatu mwaka 2021 serikali ya nchi ile ilipendekeza kuwaongeza wauguzi asilimia 1 tu ya mshahara, nao wakaona uchungu mkubwa, hata mwezi wa saba nyongeza ikafikishwa asilimia 3. Wafaransa walitia sahihi mapatano tarehe 13 mwezi wa saba mwaka 2020, watumishi wa hospitali wakapata nyongeza ya euro 183 kwa mwezi. Hilo ni jambo jema, tena ni haki. Ila wale wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee na walemavu hawakuingizwa katika mapatano yale, nao wakaitwa waliosahauliwa. Kumbe hata Ulaya wapo wanaoandika orodha kama mimi.

Sisi Wakongo tulikuwa na fundisho letu wenyewe tangu zamani. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, wapatao 250 wakafa, na katika hao waliougua, 80 hivi walikuwa watumishi wa afya. Masista sita kutoka Italia, wa shirika la Poverelle la Bergamo, walikufa katika mwezi wa nne na wa tano: Floralba, Clarangela, Danielangela, Dinarosa, Annelvira, Vitarosa. Mwaka 2021 Kanisa liliwatangaza kuwa Waheshimiwa, na mimi nafurahi kwa moyo wote. Lakini pamoja nao walikufa wauguzi na watumishi wa kwetu, akina baba na akina mama wa Kikwit, wenye watoto nyumbani. Nikiwauliza wanafunzi wangu jina la mmoja wao, wananyamaza. Nami nanyamaza pamoja nao. Baadaye, tangu mwaka 2018, ugonjwa uleule ulipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu 3,470 wakaugua na 2,287 wakafa, na vijana waliokwenda kuzika maiti kwa usalama walirushiwa mawe na watu waliokuwa wakiwaokoa. Balaa hiyo ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, mwezi uleule nilipochukua kalamu yangu.

Tena nilikuwa nimeonywa. Jioni ya tarehe 27 mwezi wa tatu, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama karibu peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Katika mahubiri yake aliwakumbuka waganga na wauguzi, na pia wauzaji wa maduka, wafagizi, watu wa usafiri na wengine wengi wasioandikwa katika magazeti. Nilisikia redioni neno hilo, wafagizi. Lilipita sikioni kama maji yapitavyo juu ya jani la muhogo.

Orodha yenyewe ilikuja hivi. Wakristu wachache wenye uwezo walikusanya unga, mafuta na sabuni, ili kuwapa shukrani wafanyakazi wa afya wanaokaa katika mitaa yetu. Mimi ni karani wa jumuiya, nikaambiwa, “Mwalimu, andika majina.” Nikaandika. Waganga 2, wauguzi 20, wakunga 5, wapimaji wa maabara 3, na karani mmoja wa biro ya fedha ya hospitali. Huyo karani, tafadhali wasomaji, alikuwa nyumbani kwake tangu Pasaka, akipiga hesabu kwenye kompyuta kama shemeji yangu. Lakini huvaa shati jeupe, na kila mtu hujua kwamba ni mtu wa hospitali. Mzee mmoja akauliza, “Na Mama Mapasa?” Nikajibu, mimi mwenyewe wala si mwingine, “Yule si mtu wa afya, ni mtu wa usafi.” Mzee akatikisa kichwa. Nilidhani amekubali.

Zawadi ziligawanywa katika ua wa hospitali. Watu 31 waliitwa, wakapigiwa makofi, wakapigwa picha.

Mwezi wa nane, tarehe 10, madarasa ya mwisho yaliruhusiwa kurudi shuleni ili wanafunzi wajitayarishe kwa mitihani ya serikali. Lazima vyumba visafishwe, na waalimu tukapewa madumu ya maji ya javeli bila mtu wa kutueleza. Nikamimina kwa wingi, nikitumaini kwamba kikali kingi huua zaidi. Macho yakatoka machozi, mwenzangu mmoja akakohoa mpaka akaketi. Hapo mkubwa wa shule akamwita mtu anayejua. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Mapasa na ndoo zake mbili.

Alitufundisha sisi waalimu, wenye diploma zetu. Kwanza sabuni na maji, uchafu wote utoke, kwa maana javeli haina nguvu juu ya uchafu. Pili, suuza, wala usichanganye sabuni na javeli katika ndoo moja. Tatu, kwa sakafu na meza, javeli ya asilimia 5 kipimo kimoja, maji vipimo tisa. Acha dakika kumi kabla ya kupangusa. Kwa mikono ni nyepesi zaidi, kipimo kimoja kwa 99, na ya mikono isikae katika ndoo ile ya sakafu. Maji ya jana mwaga, tengeneza mengine, kwani nguvu yake huondoka. “Na fungueni madirisha,” akasema, akinitazama mimi. Nilikuwa nimefundisha mahesabu ya asilimia miaka minane, na sikuwa nimepata kuona asilimia ikifanya kazi. Niliyaandika hayo yote. Daftari lililokuwa mkononi mwangu lilikuwa lilelile.

Tulipomaliza, wengine wakaenda, nikabaki naye tukikamua vitambaa. Nikamwambia, “Mama, mwezi wa sita niliandika orodha ya zawadi. Jina lako sikulitia.”

“Najua, Mwalimu,” akasema. “Siku ile nilikuwa na zamu ya mchana. Ni mimi niliyefagia unga uliomwagika.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza saa za kazi. Nilitafuta neno la kujibu katika yote niliyojifunza, hata katika barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, ambayo seminarini tuliisoma kwa bidii na kuifanyia mtihani. Pale imeandikwa wazi kwamba ujira ni jambo la haki, si la huruma. Katika mtihani ule nilipata alama 17 juu ya 20. Nikamwambia tu kwamba kuanzia kesho ateke maji saa anayotaka, na kwamba mapacha waje kucheza. Akacheka kidogo. “Walikuwa wakicheza, Mwalimu. Wewe ukilala mchana.”

Kisha nikafungua ukurasa wa orodha, chini ya jina la karani, nikaandika namba 32. Nikasimamisha kalamu. Tulikuwa majirani miaka sita, nami sikujua jina lake la karatasi, kwa kuwa sikuwa nimelihitaji hata siku moja. Nikamwuliza. Akafuta mikono, akaja kusimama nyuma ya bega langu, akalitamka polepole, kipande kwa kipande, akiifuata kalamu kwa macho. Jina la baba yake lina herufi mbili ambazo watu wa biro hukosea kila mwezi katika karatasi yake ya malipo, naye kila mwezi huenda kuomba wasahihishe.

“Hapo sawa,” akasema. Akainua ndoo zake, maana zamu yake ya jioni ilikuwa karibu kuanza. Unga ulikuwa umekwisha zamani.